Mlio Nyuma ya Sauti ya Mkwe

Esnath alianza kumshuku mkwe mwenzake siku Veneranda alipoumwa jino.

Kabla ya hapo hakuwa na sababu. Yeye anakaa Soweto, Mbeya. Yusta, mkwe mwenzake, anakaa Kihesa, Iringa. Katikati yao, kwenye joto la Rujewa, ndiko waliko watoto waliowaunganisha: Ikupa, binti wa Esnath, na mume wake Tadeo, mtoto wa Yusta. Vijana hao wana mashine ya kukoboa mpunga, na nyumba yao iko nyuma tu ya mashine.

Siku ya harusi akina mama hawa walikutwa jikoni wakibishana kuhusu Kaya Moja. Hicho ni kipindi cha luninga ambacho wanandoa kadhaa hufungiwa kwenye nyumba moja Dar es Salaam, kamera kila kona isipokuwa bafuni, na watazamaji hupiga kura nani atoke. Esnath alikuwa upande wa mke, Yusta upande wa mume. Wapakuaji wa pilau walisimama na masinia mikononi, wakasahau wageni. Veneranda, mpwa wa Yusta, mwanamke mwenye akili ya biashara, akatoa simu akawarekodi. Alipokirusha kipande kile mtandaoni watu wakaomba kingine, na kingine, mpaka ikawa podikasti yenye jina: Wakwe Wawili.

Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Kila Alhamisi mchana hupigiana simu, na kila mmoja hujirekodi kwa simu ya pili. Esnath hujifunika blanketi gubigubi, kwa kuwa Veneranda alimwambia blanketi humeza mwangwi, na kwa baridi ya Mbeya hilo si adhabu. Wakimaliza humtumia Veneranda, naye hukaa chumbani kwake Kihesa akiunganisha, akikata vikohozi na kusafisha makelele.

"Ugonile, Mbeya!" Esnath huanza kwa salamu ya Kinyakyusa.

"Kamwene, Iringa!" Yusta huitikia kwa Kihehe, na hapo maneno hayana breki.

Walianza na Kaya Moja peke yake. Lakini mtu akizungumzia ndoa za wenzake haichukui muda ataingia kwenye za karibu. Kipindi kilichosikilizwa kuliko vyote kilikuwa kile ambacho Esnath alisimulia habari ya binti mmoja aliyepoteza mimba. Alisimulia kwa upole, bila kutaja jina la mtu wala la mji. Wanawake waliandika kutoka Songea, kutoka Tanga, hata kutoka Mwanza, wakisema wamelia na kupata nguvu. Esnath aliwasoma wote, mmoja mmoja, miwani puani, na moyo ukamjaa.

Kipindi hicho ndicho kilichomleta mdhamini. Kampuni moja ya unga wa lishe ilitaka kuwadhamini msimu mzima, kwa sharti moja. "Mambo ya nyumbani yawepo kila wiki," Veneranda aliwaeleza. "Wanasema Kaya Moja kila mtu anaiongelea. Ninyi mnauza familia."

Basi jino likamuuma Veneranda. Alhamisi ile shavu lilimvimba akashindwa hata kuongea, akamwandikia Esnath: "Mama Ikupa, nakutumia sauti zote mbili kama zilivyo. Sikiliza unionyeshe pa kukata. Leo siwezi kuvaa hedifoni."

Esnath hakuwahi kusikia sauti ya Yusta kabla haijasafishwa. Alikaa kitandani, akaziba masikio kwa hedifoni za mjukuu wa jirani, akasikiliza.

"Hapa Kihesa baridi imenikaba, mkwe," Yusta alikuwa anasema. "Nimevaa masweta mawili."

Halafu, pale ambapo Esnath alikuwa akiongea kwa upande wake, Yusta alisogeza mdomo pembeni akamnong'oneza mtu: "Niletee maji ya friji, baba. Nakufa kwa joto."

Esnath akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Joto! Kihesa, mwezi wa saba! Akasikia pia kitu kama kipande cha boksi kikipepea. Na nyuma ya yote, chini kabisa, palikuwa na mlio. Dududududu, mzito, wa kutetemesha sakafu. Mlio ule aliujua kama anavyoujua mlango wake. Ndio aliousikia nyuma ya sauti ya Ikupa tangu binti aolewe.

Halafu katikati ya kipindi mlio ukakatika ghafla, kama mtu aliyeambiwa nyamaza.

Esnath alivua hedifoni. Mkwe mwenzake alikuwa Rujewa, nyumbani kwa watoto, na akijifanya yuko Iringa. Na kuna mtu alimzimia mashine arekodi kwa raha. Na Veneranda, anayesafisha makelele kila wiki, alikuwa anayajua makelele hayo.

"Wananificha nini?" alijiuliza kwa sauti.

Tangu hapo kila kitu kikawa na kivuli. Akakumbuka kwamba Ikupa siku hizi simu zake ni fupi. "Nimejilaza kidogo, mama, nitakupigia." Ikupa, mtoto anayeamka kabla ya majogoo, anajilaza saa tano asubuhi? Akakumbuka kwamba akimuuliza Yusta habari za Rujewa, Yusta husema "wazima kabisa" kisha huhamia haraka kwa Aroni.

Aroni alikuwa mshiriki wa Kaya Moja. Alikuwa amempa mama yake ufunguo wa nyumba yake ya kweli bila mkewe kujua, na yule mama akahamia, akapanga upya mpaka vikombe. Nchi nzima ilikasirika. Yusta peke yake alimtetea.

"Kuna siri mtu anamfunika nayo mwenzake kama blanketi," alisema kwenye kipindi kilichofuata.

"Blanketi au gunia?" Esnath akamuuliza.

"We mkwe! Mbona leo una pilipili?"

"Nauliza tu. Mama anahamia kwa mwanawe kimyakimya, mke wa watu amelala ndani hajui hili wala lile. Anatafuta nini huyo mama?"

"Labda ana lake jema," Yusta alisema taratibu.

Esnath hakulala vizuri. Mawazoni alimwona Ikupa amefungiwa, amepigwa, ameletewa mke mwenzie. Alimwona Yusta akipanga vikombe. Na aibu ni kwamba alikuwa anampenda Yusta. Huyu ndiye aliyepanda basi akaja kumuuguza mwaka ule alipovunjika mkono, akamfulia hadi soksi, na alipoondoka akaacha unga umechekechwa na kuni zimepangwa. Mtu wa namna hiyo anawezaje kukudanganya kuhusu masweta?

Akaamua kumtegea. Jumatatu alimpigia.

"Mkwe, nimekutumia maparachichi kwa basi la asubuhi. Yapokee stendi ya Iringa mchana huu."

"Ooh, asante mkwe! Umenikumbuka!"

Jioni akapiga tena. "Umeyapata?"

"Nimeyapata, mkwe wangu. Yameiva vizuri, nimeshakula moja na ugali."

Esnath alikata simu, akakaa chini jikoni kwenye kigoda. Hakuwa ametuma parachichi hata moja.

Kilichobaki ilikuwa kwenda. Na kwenda ndiko kulikokuwa kugumu. Kwao Esnath mama hafiki nyumbani kwa mume wa binti yake kienyeji. Anaitwa, anapokelewa, kuku anachinjwa. Tadeo na Ikupa walikuwa wamesema watamwita akamwogeshe mjukuu wa kwanza, na mjukuu alikuwa hajaja. Kufika bila kuitwa ni kama kuingia bafuni kwa mtu. Lakini binti ni binti. Alhamisi alfajiri akafunga kitenge, akaweka simu zake mbili kwenye kikapu kwa mazoea, akapanda basi la kwenda Rujewa.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda mashineni, kama mteja. Mashineni ni mahali pa watu wote.

Palikuwa na joto na vumbi la pumba. Wateja wengi walikaa juu ya magunia yao chini ya paa la bati, na Tadeo hakuonekana. Esnath alikaa karibu na mama mmoja mnene aliyekuwa akijipepea kwa ncha ya kanga, akajivuta kitenge mpaka usoni. Saa sita ilipokaribia mashine ikanguruma chini chini, kisha ikazima. Hakuna aliyelalamika. Hata mwenye mkokoteni wa ng'ombe, aliyeonekana ametoka mbali, alivua kofia tu akajilaza juu ya gunia.

"Umeme umekatika?" Esnath aliuliza.

"Hapana, bibi," yule mama akajibu kwa sauti ya chini. "Mwenyewe huwa anaizima saa hizi. Mkewe anapumzika pale nyuma. Ikikoboa, kitanda kinatetemeka, na yeye hatakiwi kutikisika."

"Mkewe ana nini?"

Yule mama akamwangalia kwa jicho la upande. "Bibi we. Mimi simwambii mtu. Hapa wote tunajua na wote tumefunga midomo. Ile mara ya kwanza, maskini, habari yake ilisemwa mpaka hewani."

"Hewani wapi?"

"Kwenye simu hizo. Kuna bibi fulani wa Mbeya na mwenzake. Hakutaja jina, lakini alisema mume alizima mashine, akakaa juu ya magunia ya watu akalia. Mashine ngapi zina mume aliyelia juu ya magunia? Tulikuwepo hapa, tulimwona. Mtoto wa watu akitoka nje kununua nyanya, watu wanampa pole na simu mkononi wanamsikilizisha. Alikaa ndani miezi." Akasita, akageuka vizuri. "Sauti yako kama naifahamu. Wewe ni wa wapi?"

Esnath alitikisa kichwa tu. Hakufungua mdomo tena. Maneno ya wale wanawake wa Songea na Tanga, aliyoyasoma na miwani puani, yakamrudia na kumchoma.

Hapo ndipo Yusta alipotokea upande wa nyumba, amevaa gauni jepesi la maua, hana sweta hata moja, chupa ya uji kwapani. Alimwona. Chupa nusura imwanguke.

"Mkwe!"

"Shikamoo, mama," ilisikika sauti nyingine. Tadeo alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mweupe kwa pumba mpaka kope. Hakumkaribia Esnath, kwa heshima ya ukwe, lakini alichukua kanga safi begani kwa mama yake, akaitandika juu ya gunia lililokuwa kivulini na kurudi nyuma. "Kaa hapa, mama. Pale kuna jua."

Esnath akakaa. Kwa sababu fulani kanga ile ndiyo iliyomtoa machozi.

Yusta alimpeleka nyuma ya ghala la pumba ili wateja wasisikie.

"Maparachichi yalikuwa matamu?" Esnath aliuliza, maana hakujua aanzie wapi.

Yusta akajishika kichwa. "Hukutuma!"

"Sikutuma."

"Na mimi nilimtuma Veneranda stendi, nikampigia kelele siku nzima kwamba ameyala peke yake!" Akataka kucheka, akashindwa. "Mkwe, nisamehe. Ana mimba ya miezi sita sasa. Daktari amesema alale, asiinue hata ndoo. Tadeo alinipigia, nikaja. Nikasema tumwite mama yako, ndiye wa haki. Ikupa akalia akasema hapana. Akaniapisha."

"Alisemaje?"

"Mkwe, hayo ya nini?"

"Alisemaje, Yusta?"

Yusta aliangalia chini. "Alisema, mama akijua Jumatano, Alhamisi Tanzania nzima itajua."

Kuku walikuwa wanachakura pumba miguuni mwao.

"Na mimi nilikuwepo kwenye kipindi kile," Yusta akaendelea. "Nilijua unamsema nani. Nikawa naitikia eeh, eeh, endelea mkwe. Halafu nikaja huku nikamwona alivyokuwa hatoki nje. Nikasema basi, hii nyingine nitaibeba tumboni mwangu, hata nikidanganya. Ndipo nikavaa yale masweta."

"Nenda ukamwambie nipo," Esnath alisema. "Sitaingia. Mwambie tu nipo."

Yusta alikwenda, akakawia. Aliporudi alikuwa amekunja uso kama mtu aliyetumwa ujumbe asioupenda. "Anasema leo ni Alhamisi. Anasema turekodi kama kawaida, hapo kibarazani chini ya dirisha lake. Anataka asikie."

"Asikie nini?"

"Hakusema."

Lakini Esnath alielewa. Alielewa hata zaidi simu ilipolia na Veneranda, jino limeshang'olewa, akaanza kuongea mbio. Mdhamini anasubiri kipindi cha leo ndipo asaini. Na ametuma swali analotaka lisomwe, swali ambalo wasikilizaji wengi wanaliuliza. "Mimi sijalitunga, Mama Ikupa," Veneranda alisema, sauti imemwishia. "Niliwakatalia, wakasema basi hakuna mkataba. Nimekutumia. Fanya unavyoona."

Walikaa kwenye mkeka, simu katikati yao. Dirisha lilikuwa wazi juu ya vichwa vyao, pazia la kijani halitikisiki. Tadeo hakuiwasha mashine. Kwa mara ya kwanza tangu waanze podikasti, wakwe hawa walikuwa wanarekodi wakiwa wamekaa pamoja, na kwa mara ya kwanza Esnath hakujua atie sauti gani.

"Ugonile, Mbeya," alisema.

"Kamwene, Iringa."

Wakaanza na Aroni. Wiki ile kura zilikuwa zimemtoa, na alipofika kwake alimkuta mama yake jikoni. Yusta alisimulia, Esnath akaitikia. Halafu Yusta akaisukuma ile simu nyingine kwake, yenye swali.

Esnath akavaa miwani. Akalisoma kama lilivyo, maana wasikilizaji walikuwa wameuliza kwa mapenzi. "Tumeulizwa hapa. 'Bibi, yule binti uliyetusimulia, aliyepoteza mimba, anaendeleaje? Je, Mungu amemkumbuka?'"

Yusta alifumba macho. Pazia halikutikisika.

Esnath alikuwa na jibu kinywani, na lilikuwa tamu. Lilikuwa na mume aliyezima mashine, na mwenye mkokoteni aliyejilaza juu ya gunia lake bila kununa, na mtaa mzima uliofunga mdomo. Katika maisha yake ya kusimulia hakuwahi kupata kisa kizuri kama kile. Wanawake wa Songea wangelia tena. Mdhamini angesaini kwa mikono miwili.

"Mimi sijui," alisema. "Na ningekuwa najua, nisingesema. Yule binti ana mdomo wake. Siku akitaka kusema atasema mwenyewe, na asipotaka, sisi tumwache alale." Akavua miwani. "Haya, mkwe, turudi kwa Aroni. Mimi wiki nzima nimemtukana yule mama yake. Leo nawaza, labda alikuwa anapika uji tu."

Yusta akapasuka kicheko, kile cha kwenye harusi, mpaka akajishika mbavu. "Uji tu! Na vikombe alivyopanga upya?"

"Huenda mkewe hakuvifikia, vilikuwa juu mno."

Walipomaliza, wakamtumia Veneranda papo hapo. Alipiga baada ya kusikiliza. "Hawatasaini," alisema. Hakuwa na hasira. "Nawajua. Watasema kipindi kimekosa nyama."

"Basi wasisaini, mwanangu," Esnath akamwambia. "Pole kwa jino. Umekula kitu?"

"Bado."

"Kunywa uji kwanza, hayo mengine yatakuja."

Alizima simu ya kwanza, akazima ya pili. Wakakaa, wakwe wawili, wakiangalia mashine isiyonguruma na wateja waliolala. Yusta alikuwa anafungua mdomo aseme kitu.

"Mama," sauti ikasikika dirishani. Haikuwa ya ukali, wala haikuwa laini.

"Abee, mwanangu."

"Simu umezima?"

"Nimezima zote."

"Na wewe, mama Tadeo?"

"Yangu imeisha chaji tangu asubuhi," Yusta akajibu.

"Haya, mama, ingia. Wewe peke yako."

Chumba kilikuwa na kiza na feni ndogo. Ikupa alikuwa amelala ubavu, tumbo limeinuka chini ya shuka kama kilima cha kwao, uso umenenepa. Hakunyoosha mkono. Alimwangalia mama yake kwa muda, na Esnath alisimama pale mlangoni, asijue kama akae au abaki amesimama.

"Sijakusamehe yote," Ikupa alisema.

"Sawa."

"Hata shangazi usimwambie."

"Hata shangazi."

"Wala kanisani. Usiniombee kwa jina."

Hilo lilikuwa gumu kuliko la mdhamini, lakini Esnath akaitikia. "Nitakuombea bila jina."

Ikupa akavuta pumzi, akageukia ukutani taratibu, akapandisha blauzi nyuma. "Basi njoo unikune mgongo, hapo katikati. Joto limenitoa vipele, na mama Tadeo hana kucha."

"Kucha zangu zimeishia kwenye masufuria yako!" Yusta alipiga kelele kutoka kibarazani.

Esnath akakaa pembeni ya kitanda, polepole, asikitikise.